Sangara wa Karatasi Mitaani Mwanza: Tuliyojifunza kwa Gharama

Ukipita Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza, jioni umebeba samaki wa karatasi wa mita tano, swali la kwanza utakaloulizwa ni "Mnagawa nini?" Tuliulizwa hivyo kabla hatujatembea mita hamsini. Watu wa mjini wamezoea kuona Fuso yenye spika, vijana wenye fulana za rangi moja wakicheza juu yake, na mwisho wa yote kuna sabuni, kofia au laini ya simu. Wakiona kundi limevaa sare na limebeba kitu kikubwa, wanajua ni promosheni. Wananyoosha mkono, na wasipopata kitu wanaondoka wamekereka. Ndivyo ilivyokuwa siku yetu ya kwanza. Tulikuwa tumejiandaa miezi miwili na nusu kwa mambo mengi, ila si kwa swali hilo, na kosa lilikuwa letu: tulivaa fulana za njano zinazofanana, tukatanguliza kirikuu yenye spika.

Yanayofuata ni kwa ajili ya yeyote anayetaka kutoa mchezo wa sanaa mtaani, hapa Mwanza au mji mwingine wa kando ya ziwa, bila ukumbi na bila mfadhili mkubwa. Yamepangwa jinsi kazi ilivyokwenda, tangu wazo hadi siku ya pili ya maonyesho, ambayo ndiyo iliyofanikiwa.

Watazamaji ndio mawe

Sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Miaka ya 1980 akaongezeka kwa kasi, na aina nyingi za furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi, zikatoweka. Waliokaa kwenye miamba walinusurika zaidi, kwa sababu sangara mkubwa hapenyi kwenye nyufa za mawe. Mchezo wetu wote umetoka hapo. Kuna sangara mmoja mkubwa na furu 30 kwenye fimbo, na watazamaji ndio mawe. Sangara akija mbio, mwenye furu anamkimbilia mtu yeyote aliyesimama hapo na kujificha nyuma yake. Mtu huyo akisimama imara, furu amepona. Akikimbia, furu ameliwa.

Jaribu kila wazo lako kwa swali moja: mtazamaji akiondoka, mchezo unaweza kuendelea? Kama unaweza, mchezo huo ni wa ukumbini, kwa watu waliokwishalipa kiingilio na kukaa kwenye viti. Mtaani mtu ana ndoo ya dagaa kichwani, ana daladala ya kuwahi, ana mteja anamsubiri. Atasimama akiwa na kazi ya kufanya.

Jambo hili si geni kwa Usukumani. Tangu karne ya 19 ngoma za Wasukuma zimegawanyika makundi mawili, Bagika na Bagalu, yanayotajwa kwa majina ya waganga wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno makundi hayo hucheza siku moja, uwanja mmoja, wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Watu wanahama kutoka duara hili kwenda lile, na wachezaji wanafanya kila mbinu kuwarudisha: Bayeye, wale wachezaji wa nyoka, wanatoa chatu, wengine wanarusha juu majembe ya bugobogobo, ngoma ya wakulima, na kuyadaka kwa mdundo. Kabla ya kununua hata gundi, nenda Bujora, Kisesa, wakati wa Bulabo mwezi Juni, usimame kutwa nzima. Usiwatazame wachezaji tu. Tazama watu wanahama dakika ya ngapi, na nini kimewahamisha. Saa nne za kusimama pale zilitufundisha mengi kuliko michoro yote tuliyokuwa tumechora.

Ukitaka mfano wa mbali, mwaka 2021 mwanasesere Amal, msichana mwenye kimo cha mita 3.5, alitembezwa kutoka Uturuki hadi Manchester, Uingereza. Aliundwa na Handspring Puppet Company ya Cape Town. Ndani yake kulikuwa na mtu mmoja juu ya mironjo, na wengine wakishika mikono. Kinachofaa kuigwa ni wepesi wake na namna alivyotembea taratibu, akiinama kuwatazama watoto. Kimo kile usikiige. Utaona sababu tukifika kwenye nyaya.

Kumjenga sangara

Kabla ya kuchora, nunua panki. Hatutanii. Mapanki, yale mabaki ya sangara aliyeondolewa minofu, yanaonyesha uti wa mgongo, mpangilio wa mbavu na jinsi taya linavyofunguka, na yanauzwa kwa bei ya chini. Tulilikausha moja, tukalitundika ukutani, tukalipima. Kila kipimo tulikizidisha mpaka kikafika mita tano.

Mifupa ilijengwa kwa bomba za plastiki za kupitishia nyaya za umeme, zile za milimita 20, ambazo huuzwa kwa urefu wa mita tatu. Zilikwenda 14. Mianzi ni mizuri zaidi kwa macho, lakini iliyonyooka na kukauka vizuri ni shida kuipata hapa, na ikipasuka katikati ya barabara huwezi kuitengeneza. Bomba likivunjika unachomeka kipande cha fimbo ndani, unafunga kwa mpira wa tairi, unaendelea.

Mbavu ni pete 11, kila moja sentimita 40 kutoka nyingine. Pete kubwa kabisa iwe na kimo cha sentimita 110 na upana wa sentimita 70, kwa sababu pete ya kipimo hicho inatoka kwenye bomba moja bila kuungwa. Sisi tulianza na kimo cha mita moja na nusu, tukaunga, na kila penye kiungo pakalegea. Pete unaikunja kwa mikono tu, bila moto. Taya ndilo linahitaji moto: jaza bomba mchanga mkavu, ziba ncha, lizungushe juu ya jiko la mkaa kwa umbali wa kama sentimita 20 hadi lilegee, kisha likunje taratibu kwenye kibao chenye misumari. Fanya hivyo nje, tena upande upepo unakotoka. Plastiki hii ikiungua inatoa moshi wa sumu.

Viungo vyote fungeni kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyokatwa upana wa sentimita mbili. Waya wa kufungia nondo unashika vizuri mwanzoni, ila mwendo wa kutembea unaukata, na ncha zake zinachana mikono na nguo za watu.

Sasa ngozi. Hapa ndipo tulipopoteza pesa nyingi na wiki mbili za kazi. Ngozi ya kwanza ilikuwa kitambaa cha kaniki kilichopakwa rangi ya fedha. Ndani ya ua ilipendeza sana. Tulipotoka nje saa nane mchana, upepo wa ziwani ulimgeuza samaki na wabebaji wake mpaka ukutani. Hesabu yake ni rahisi. Upepo wa mita 8 kwa sekunde ukigonga kitambaa cha mita 4 za mraba unasukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 19. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Kwa hiyo kaniki ikatolewa yote, tukafunika mbavu kwa nyavu kuukuu za dagaa. Wavuvi wanazitupa au wanaziuza kwa bei ndogo zikishachanika. Zioshe mara tatu kwa sabuni ya unga na kuzianika siku mbili, la sivyo paka wa mtaa mzima watakuwa wageni wako. Wavu unapitisha upepo na bado unaonyesha umbo. Juu yake shona magamba ya plastiki za chupa za maji, si mengi, yafunike robo tu ya wavu.

Faida nyingine ya wavu hatukuitarajia: mbavu zinaonekana. Siku ya pili, watoto wa kwanza kutuona walipiga kelele "Panki hilo!", na jina likaenea mtaa mzima kabla yetu. Mbele ya watu tuliacha kumwita sangara. Watu wakikipa kitu chako jina, lichukue.

Kichwa kinahitaji karatasi, kwa kuwa kinatakiwa kuwa na sura. Karatasi bora ni ya mifuko ya saruji. Ikung'ute nje ukiwa umefunga pua na mdomo, kisha uifute kwa kitambaa kikavu. Vumbi la saruji likikutana na maji mikononi linachubua ngozi. Chana vipande kwa mkono, upana wa vidole viwili au vitatu. Usikate kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanwa unalala na kushikana, ule wa mkasi unaacha mstari na kubanduka. Gundi ipike hivi: kikombe kimoja cha unga wa ngano, koroga na kikombe kimoja cha maji baridi hadi vibonge viishe, mimina kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka huku ukikoroga, acha kwenye moto mdogo dakika tatu hadi tano mpaka weupe uanze kung'aa. Weka vijiko viwili vya chumvi ili isiote ukungu haraka. Unga wa muhogo unashika vizuri zaidi, lakini ukikauka ni mgumu na unapasuka penye mikunjo.

Tabaka nne zinatosha, kila tabaka likipishana na lililo chini yake kama msalaba, na kila moja likauke kabisa kabla ya lingine. Kiangazi, siku moja juani inatosha. Masika, siku tatu hazitoshi. Tulifanya haraka mwezi Aprili, tukaweka tabaka la tatu juu ya la pili lenye unyevu, na kichwa kikabonyea upande mmoja kikiwa kwenye benchi, kisha kikaota ukungu kwa ndani. Kilitupwa chote. Aliyekuwa amekifinyanga alikaa kimya siku mbili, na tulimwelewa. Ukigusa karatasi kwa shavu na ukahisi ubaridi, bado haijakauka. Shavu halikudanganyi kama kidole.

Kamba ya kufungulia mdomo ipite kwenye shingo ya chupa ya plastiki iliyokatwa, isiguse waya. Ya kwetu ilipita kwenye kitanzi cha waya na ikakatika siku ya kwanza dakika ya kumi na mbili. Sangara asiyeweza kufungua mdomo hamtishi mtu.

Jambo la mwisho la ujenzi linaonekana dogo: pima mlango. Samaki wa mita tano aliyejengwa ndani ya chumba hatoki. Mgawe vipande vitatu, kichwa, tumbo na mkia, viunganishwe nje kwa mipira ya kufungia mizigo ya pikipiki. Kiungo cha shingoni kiache kilegee. Bila hicho hawezi kukata kona kwenye vichochoro. Sangara wetu mzima alikuwa na kilo 21, wabebaji wanne, mmoja wa mdomo, mmoja wa mkia, na mmoja anayetembea mbele kinyumenyume akiwaongoza kwa filimbi. Wabebaji wabadilishwe kila dakika 15. Watakwambia hawajachoka. Wabadilishe tu.

Furu na rangi zao

Furu ni kazi nyepesi: kipande cha boksi, fimbo ya sentimita 80, rangi. Dume la furu lina rangi kali, nyekundu, bluu au njano, na jike humchagua kwa rangi hiyo. Maji yakiwa machafu na mwanga ukipungua, majike wanashindwa kutofautisha, na aina zinaanza kuchanganyika. Kwa hiyo tulitaka rangi zinazopiga kelele. Lakini jihadhari. Katika nchi yetu rangi moja tupu ni bendera ya mtu. Furu wa kijani na njano, au wa bluu na nyekundu tupu, wakipita barabarani kwa kundi, swali litakalofuata "Mnagawa nini?" ni "Ninyi ni chama gani?", na hilo ni zito zaidi. Kila furu awe na rangi tatu au nne, tena michoro isifanane. Ncha ya fimbo ifungwe sponji na kitambaa. Fimbo na mtoto anayekimbia ni hatari kwa macho ya wengine.

Barua na njia

Usianze na barua, anza na njia. Tembea njia yote mara tatu, siku na saa ileile utakayocheza. Tazama juu: nyaya za umeme zinazoingia madukani ziko chini kuliko unavyodhani, na nyingine zimelegea. Usithubutu kuzipima kwa kuzigusa na chochote. Sisi tuliweka kikomo cha mita mbili na nusu kutoka ardhini hadi pezi la juu, na hata hivyo kuna kichochoro tulikikwepa. Ndiyo sababu kimo cha Amal hakifai hapa.

Tazama pia mipaka. Makoroboi iko Nyamagana, chini ya Halmashauri ya Jiji. Viwanja vya Furahisha viko Ilemela, chini ya Manispaa. Ni kama kilomita mbili tu, lakini ni halmashauri mbili, maofisa utamaduni wawili na wakuu wa polisi wa wilaya wawili. Tulikuwa na karatasi za upande mmoja, tukagundua siku tatu kabla. Tulikata njia, tukaishia katikati ya mji. Kama huna sababu ya maana ya kuvuka mpaka, usivuke.

Barua ianzie kwa mwenyekiti wa mtaa, iende kwa mtendaji wa kata, kisha kwa ofisa utamaduni wa halmashauri. Kundi linalotaka kufanya sanaa kama kazi linasajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na mchezo wa kuigiza una sheria yake, ile ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, kwa hiyo muulize ofisa utamaduni mapema kama onyesho lako linaangukia huko. Kwa mkusanyiko au maandamano mahali pa wazi, polisi wanatakiwa wapewe taarifa si chini ya saa 48 kabla. Sisi tunapendekeza wiki mbili. Ambatanisha ramani ya njia iliyochorwa kwa mkono, idadi ya watu, saa ya kuanza na kumaliza, na picha ya samaki. Picha inasaidia kuliko maelezo ya ukurasa mzima. Mpaka ofisa aone mchoro, "sanaa ya kisasa" kwake ni neno la kutilia shaka. Akiuona anatabasamu, na maswali yanakuwa ya njia na usalama. Tembea na nakala tano mfukoni, kila kiongozi na yake.

Saa ya kucheza iamuliwe na ziwa. Mchana upepo unatoka ziwani na unazidi nguvu alasiri. Kuanzia saa kumi na moja unalegea. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache, mwaka mzima. Una dakika tisini, basi, tumia sitini. Epuka Aprili na Novemba kwa ajili ya mvua. Ijumaa mchana ni muda wa swala, Jumapili asubuhi ya ibada, na kabla ya kutangaza tarehe uliza kama kuna mechi kubwa. Siku tuliyoahirisha kwa sababu ya mechi ilitugharimu chakula kilichokwishapikwa, lakini kucheza kungegharimu zaidi.

Siku mbili

Siku ya kwanza ilikuwa kama tulivyosema: sare, spika, "Mnagawa nini?", kamba imekatika. Spika ilishindana na spika za maduka na ikashindwa. Watu walikuwepo, lakini walisimama upande mmoja wa barabara kama wanaotazama ajali. Tulimaliza kwa dakika 25 badala ya saa moja, na watoto waliobeba furu walikuwa wanakaribia kulia. Hilo ndilo lililotuuma kuliko fedha. Mtoto akiaibika mbele za watu kwa jambo ulilomwita aje kulifurahia, deni hilo ni lako.

Wiki tatu baadaye tulirudi. Tulivaa nguo za kila siku. Hakukuwa na gari wala spika, tulikuwa na ngoma mbili, manyanga na filimbi. Wapiga ngoma waliwahi nusu saa kabla, wakakaa pembeni wakipiga taratibu bila kueleza chochote. Samaki alifika kwa vipande, kwenye guta, akaunganishwa mbele ya watu. Kumbe kumuunganisha kulivutia kuliko onyesho lenyewe. Watu walibishana mkia unakaa vipi, mzee mmoja mvuvi akaja kusahihisha pezi, na mpaka samaki anasimama kulikuwa na duara la watu waliokwisha kuwa na maoni juu yake. Tangu hapo hatujengi tena samaki mafichoni.

Duara lipangwe na mtu mwenye maneno mazuri na ndoo ya maji. Ananyunyiza mstari wa duara kama anayezuia vumbi, watu wenyewe wanarudi nyuma. Anza na kipenyo cha mita kumi, maana litapungua, na kila baada ya dakika kumi mnyunyizaji apite tena. Watoto wakae chini mbele, wazee wapewe viti au mabenchi ya duka la jirani, kwa heshima na pia kwa sababu hakuna atakayemsukuma mzee aliyekaa. Vijana wa bodaboda tuliwaomba mapema wawe ukingo wa nje upande wa barabara. Tuliwaendea kijiweni siku mbili kabla, tukawaeleza, tukawapa vizibao vya kung'aa. Walifanya kazi hiyo kwa umakini kuliko tulivyostahili kuomba.

Tuliweka maduara mawili, kwa mfano wa Bagika na Bagalu. Moja la sangara, moja la furu, umbali wa mita 30. Ngoma ikilia upande mmoja watu wanakimbilia huko, filimbi ikilia wanarudi. Kukimbia kule ndiko kuliwageuza watazamaji kuwa wachezaji. Sangara alipovamia duara la furu, watu wazima waliokuwa na mifuko ya sokoni walisimama wameshikana mabega, mtoto asiye wao nyuma yao, wakimzomea samaki wa karatasi.

Mwisho, sangara anavuliwa. Watu wanavuta kamba, tumbo linafunguka, na linatoka bondo, ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwa samaki: kwetu ni kitambaa cheupe cha mita sita. Kila mtu wa Mwanza anajua bondo ni ghali kuliko minofu, kwa hiyo ubishi ulizuka papo hapo bondo hilo ni la nani. Hatukuuandika ubishi huo popote. Ulidumu dakika tisa, na ulikuwa mzuri kuliko chochote tulichoandika.

Beseni la michango lipite kabla bondo halijatoka, si baada. Mchezo ukiisha watu wanatawanyika kwa nusu dakika. Weka na bango la namba ya malipo ya simu, herufi kubwa, maana wengi hawana chenji. Siku ya pili tulipata shilingi 187,500.

Matumizi yote ya siku mbili yalikuwa shilingi 1,090,000: sangara na furu 310,000, wapiga ngoma 300,000, chakula na maji 220,000, usafiri 140,000, barua, nakala na vibali 90,000, na kisanduku cha huduma ya kwanza 30,000. Sanamu yenyewe ni chini ya theluthi. Wengi wanapiga hesabu ya rangi na gundi, wanasahau kwamba watu 20 wanakula mara mbili na wanakunywa maji nusu lita kila nusu saa. Wapiga ngoma walipwe nusu kabla, nusu siku hiyohiyo kabla hawajafungua ngoma zao. Msiwaambie "mtapata jina."

Kuhusu watoto, 12 walikuwa wetu, wenye barua za wazazi zilizotiwa saini, mtu mzima mmoja kwa kila watoto watano, na kitambaa cha rangi mkononi ili waonekane kwa mbali. Furu 18 waliobaki tuliwagawa ndani ya duara kwa mtoto yeyote aliyekuwepo, na hao hawakuruhusiwa kutoka duarani kwenda barabarani. Mnyunyizaji maji ndiye aliyelisimamia hilo. Mpe mtu huyo chakula cha kutosha na mrithi, kwa sababu sauti yake itakwisha.

Samaki huhifadhiwa kwa kutundikwa darini kwa kamba tatu, mbali na ukuta. Panya wanaipenda gundi ya unga. Kichwa kipakwe rangi ya mafuta ndani na nje, na kifunikwe kwa shuka, si nailoni, kwa sababu nailoni inafuga jasho na ukungu unarudi. Wavu hauna shida.

Tulipohesabu vifaa jioni ile, furu 30 walikuwa wametoka na 19 walirudi. Mmoja tulimwona kesho yake amechomekwa kwenye kibanda cha muuza vocha, mwingine amefungwa mbele ya baiskeli ya mtoto karibu na Mto Mirongo. Hatukuwadai. Ukitengeneza wako, tengeneza 40.